Ulimi wa Mbwa Haubingiriki

Watu wa mtaa wetu wa Pasiansi wanamjua Mwalimu Paskazia kwa mambo mawili: madaftari hayalali kwake bila kusahihishwa, na haombi radhi kwa lafudhi yake. Ni mzaliwa wa Usagara, Kisukuma amekinyonya kwa mama, na akichoka herufi R humponyoka ikawa L. Mimi nafundisha hesabu chumba cha pili, ukuta mmoja na darasa lake. Ukuta una tundu, kwa hiyo msiniulize nimejuaje.

Mwaka mzima alifundisha Kiingereza kwa kujitolea, akisubiri mkataba. Machi hii mkuu wetu wa shule, Mwalimu Salehe, akaja kumsikiliza kwa mara ya mwisho kabla ya kuamua. Paskazia alikuwa anasoma imla kuhusu mbwa aliyechoka, ambaye ulimi wake ulianza ku-"loll". Neno alilitamka sawasawa. Wanafunzi wakatazamana, wakaona mwalimu ameteleza tena, tumsitiri. Wote arobaini wakaandika "roll".

Mkuu akachukua daftari la Kija, binti wa dawati la mbele, akasoma, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, nakuheshimu. Lakini R na L zinakuchanganya, na wanaoumia ni watoto: unatamka 'loll', inabidi wao wakisie 'roll'."

Niliacha hesabu zangu ubaoni. Roho iliniuma, maana mkataba ule niliuona unapeperuka kwa kosa lisilo lake.

"Mkuu, leo ulimi wangu hauna kosa," Paskazia akasema. "Kija, 'roll' ni nini?"

"Kubingirika, mwalimu."

"Sasa ulimi wa mbwa ukibingirika, si ataufukuza mpaka kivukoni Busisi?"

Darasa likacheka. Paskazia akavuta kiti, akajitupa mzimamzima: miguu mbele, mikono inaning'inia, kichwa upande, ulimi nje. Mbele ya mkuu wake. Kisha akaurudisha ulimi kinywani.

"Nilikuwa nafanya nini?"

"Umebweteka, mwalimu," Kija akajibu. "Na ulimi ulikuwa unaning'inia."

"Yote mawili ndiyo 'loll'. Andikeni."

Mkuu akatoka. Nikasema moyoni, basi tena, dada amejimaliza. Lakini akarudi na kamusi mkono mmoja, karatasi mkono wa pili.

"Nimelitafuta," akasema, watoto wote wanasikia. "Mwenye kosa ni mimi, mwalimu. Saini hapa."

Paskazia akaomba kalamu ya Kija, akausaini mkataba wake palepale kitini, miguu bado kainyoosha.