Kigimbi cha Bwana Salamu

Mtaani walimwita Bwana Salamu. Fundi cherehani huyu hapiti mlango wa mtu bila kusimama na kuuliza habari za nyumbani, za kazi, mpaka za wakwe. Watu wakamsifu: hana makuu! Kumbe wapi, ni mguu. Akitembea kidogo tu, kigimbi cha kushoto kinakaza mpaka anauma meno, akisimama, kinaachia. Mtu mzima, akaona haya kusema.

Mkewe ndiye aliyemshtukia. Siku hiyo alikuwa nyuma yake, akamsikia anaita, "Hamjambo humu?" kwenye duka lenye kufuli nje. Kesho yake akamkokota hospitali.

Daktari, binti wa rika la mwanawe wa kwanza, akampima presha mkononi, kisha kwenye kifundo cha mguu. Ya mguuni ilikuwa chini mno.

"Baba, mishipa inayopeleka damu huku imekakamaa. Mafuta yamejijenga kwenye kuta zake, njia imebana. Ya moyo na ya ubongo nayo huenda iko hivyo hivyo. Presha ya mkononi iko juu, na kutwa umekaa kwenye cherehani. Sukari tutapima. Sigara je? Maana anayevuta asiache, mguu anaweza kuupoteza, hata roho."

"Aah, huyu aliacha zamani!" mke akadakia, kifua mbele. "Kaka yangu nilimwambia, mtazame shemeji yako, mwanaume ni yule. Naye akaacha mpaka leo."

Fundi akainamia sakafu, masikio yanawaka moto. Kila mchana huvuta nyuma ya kibanda chake cha kushonea, kisha hutafuna tangawizi kuua harufu. Akinyamaza, atatoka humu na heshima yake. Na mguu je?

"Navuta," akasema. "Sikuacha, mama watoto. Hata siku moja. Nimekuaibisha."

Mke hakumtazama. Daktari akaendelea taratibu: sigara basi, chumvi na mafuta apunguze, dawa ameze kila siku, atembee mpaka kigimbi kianze kuuma, apumzike, atembee tena.

Walipofika nje, mke akabonyeza simu, akamshikisha.

"Mwambie kaka yangu kwa mdomo wako. Halafu umuulize yeye aliachaje."

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Simu ikapokelewa.

"Shemeji! Mwalimu wangu huyo! Lete habari."