Mstari Uliokuwa Shimo

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ile bahasha kutoka Uingereza iliponifikia nyumbani Kabuta.

Nilikuwa nimeandika tasnifu ya udaktari juu ya mashairi ya Kiingereza cha kale, yale yaliyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi za ndama. Ndiyo, binti wa wauza samaki! Watu wa hapa walinicheka mpaka wakachoka wenyewe. Tasnifu nilikwisha kuikabidhi, na baada ya wiki tatu ningerudi chuoni kule Uingereza kuhojiwa na maprofesa. Sura yangu bora ilisimama juu ya mstari mmoja tu: wanawake wanangoja ufukoni, kimya, hawathubutu kutaja majina ya walio majini. Nilipousoma mara ya kwanza nililia, maana ndivyo mama zangu walivyongoja hapa ziwa likichafuka.

Ndani ya bahasha mlikuwa na picha ya ukurasa wenyewe, niliyokuwa nimeiomba maktaba miezi mingi nyuma. Mahali pa mstari wangu palikuwa na shimo. Moto au wadudu, sijui. Mhariri wa kitabu nilichokitegemea alikuwa ameliziba kwa maneno aliyobuni mwenyewe, akakiri hivyo kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. Nami, kwa kuwa maneno yalifanana na kwetu, sikutazama chini.

Niliificha picha ndani ya Biblia. Nikajiambia hawatagundua. Usingizi ukanikimbia, na bukari, ugali wetu, niliirudisha jikoni bila kuigusa.

Siku ya pili Tonton Kasongo, mume wa mama mdogo, mtu wa Kilwa ile ya ng'ambo ya ziwa, si ya pwani, akaniomba nimkagulie wavu kabla hajaingia majini. Kwetu wavu haukaguliwi kwa kutazama. Uzi wa nailoni hudanganya. Unaupitisha vidoleni, fundo kwa fundo. Mimi niliutupia macho tu, mawazo yakiwa Uingereza, nikasema uko sawa. Kesho yake akarudi na samaki wa kuhesabika, na wavu una mwanya wa kupita mbuzi.

Hakupiga kelele. Aliniwekea wavu magotini, akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao ng'ambo.

"Ulishika na mikono ao uliangalia tu?"

"Niliangalia tu, Tonton. Unisamehe."

"Iko kintu inakusumbua. Tangu ile barua ilifika, haukuli."

Nikamtolea picha na kumweleza yote. Kiingereza hakujua hata neno, lakini shimo alilijua. Alilipitishia kidole taratibu.

"Na bale baprofesa, banajua hii tundu?"

"Bado."

"Basi utabaambia weye wa kwanza, mbele baione. Mutu akiuzisha wavu ya kupasuka, anaonyesha tundu, fasi inapasuka. Akinyamaza, batu habatamwamini tena, hata akileta wavu mupya."

Niliwaandikia maprofesa barua siku ileile. Mficha uchi hazai, mwanangu, lakini nao kuufunua kunauma. Mahojiano yaliahirishwa mwaka mzima, sura ile ikatupwa, na mwaka huo niliishi kwa kuosha vyombo vya watu. Je, nilijuta? Siku nyingine ndiyo, sikufichi. Ila mwishowe waliponipa shahada, niliipokea bila kuangalia nyuma yangu.

Sasa nasikia tasnifu yako iko mezani, na wiki ijayo unaituma. Naogopa kwa ajili yako. Najua kuna ukurasa unaousoma mbiombio, kama mtu anayepita makaburini peke yake. Rudi hapo, upitishe kidole. Kinachofanana na kwenu ndicho ukikague mara mbili, maana ndicho utakachokiamini bila kukishika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa usioweza kuuziba, uonyeshe wewe kabla hawajakuonyesha wao.

Katika kitabu nilichokitoa baadaye mstari ule nimeuacha na pengo lake. Wanawake wa ufukoni hawamo, ingawa kila nikifika ukurasa ule bado nawatafuta.

Mungu akupe vidole visivyo na haraka, mwanangu, na ulimi usioogopa kusema "hapa pana tundu". Nenda salama, urudi kwetu ukiwa na jina lako.