Neno Nililolikwepa Bomani

Siku yangu ya kwanza bomani Dodoma, Bwana Shauri aliniuliza maswali matatu, nikajibu "ndiyo" mara tatu, nikapata kazi. Bwana Shauri ndivyo tulivyomwita Mjerumani aliyesikiliza kesi. Alijua Kiswahili, hakujua Kigogo, na wanawake wa vijijini walikuwa hawafungui kinywa mbele ya mkalimani askari, ndiyo maana alimtaka mkalimani mwanamke. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa mjini, mama Mgogo wa Mvumi, kwa hiyo lugha zote mbili ni zangu. Kwamba nina kigugumizi sikumwambia. Ningemwambiaje, na neno lenyewe linaanza na sauti inayonikaba?

Msinicheke, wajukuu zangu. Kila mahali walikipokea kivyao. Mjini shangazi alininywesha kombe, yaani maandishi ya dua yaliyooshwa kwa maji, na majirani walinimalizia maneno kabla sijafika katikati. Kwa mama, Mvumi, nikikwama watu waliinamisha macho wakangoja. Hakuna aliyenisaidia, hakuna aliyecheka. Bomani waliamini kwamba anayesitasita anadanganya, na shaushi, mkubwa wa askari, alisimama nyuma yetu na kiboko mkononi.

Basi nikajifunza kukwepa. Neno likinigomea, nachukua jingine jepesi lililo karibu nalo. Sheria ya mkalimani ilikuwa kusema alichosema shahidi, bila kuongeza wala kupunguza, nami niliivunja kila siku kwa woga. Miaka miwili hakuna aliyenigundua, hata nikaanza kujiona fundi.

Asubuhi moja akaletwa mfugaji wa Bahi, jina lake Ndahani, amefungwa mikono. Ng'ombe watano wa mtu mwingine walikuwa wamekutwa zizini mwake, ikasemwa kawaiba. Mkewe, Nyemo, alisimama kushuhudia. Alieleza kwa Kigogo, wazi kabisa, kwamba mumewe alikabidhiwa ng'ombe wale na rafiki yake awatunze. Ndivyo tufanyavyo Wagogo: mtu haweki mifugo yake yote zizi moja, ukame usije ukaimaliza. Nikafungua mdomo kusema "amekabidhiwa". Sauti ikagoma. Nyuma yangu nikasikia kiatu cha shaushi kikisogea.

"Anao, Bwana," nikasema. "Ni wa mwenzake."

Bwana Shauri akafunga daftari. "Mkewe amekiri. Mume apewe hamsa ishirini, kisha mnyororo."

Hamsa ishirini ni viboko ishirini na vitano. Mnyororo ni kupelekwa kazi za mbali mmefungwa shingo kwa shingo, na wengi waliokwenda hatukuwaona tena. Nyemo hakujua Kiswahili. Alinitazama usoni akisubiri nimweleze, na mimi nilijichukia, kwa kuwa nilikuwa nimemtoa kafara mume wake ili nifiche aibu yangu.

Ndahani akalazwa kifudifudi uani. Nikamwomba Bwana Shauri angoje, nikaanza upya. "A-me-ka... ka... ka..." Kiboko cha kwanza kikashuka.

"Mwongo huyu," akasema Bwana Shauri. "Tazameni mdomo wake."

Shaushi akanishika mkono kunitoa. Cha pili. Maneno mepesi yalinijia, mengi tu, nikayakataa yote. Cha tatu. Jasho na machozi vilinitoka pamoja. Cha nne kiliposhuka, neno likatoka zima.

"Amekabidhiwa awatunze, Bwana. Aliyepotosha ni mimi."

Bwana Shauri akainua mkono. Mwenye ng'ombe alitafutwa, kesho yake akaja, akathibitisha, na Ndahani akafunguliwa. Mimi nilitukanwa mbele ya wote lakini sikufukuzwa, maana mwanamke mwingine wa kazi ile hakuwapo. Nilihamishiwa Kilimatinde, chini ya Bwana Shauri mwingine mwenye hasira zaidi. Huko nilikwama hadharani kila siku, na sikukwepa tena neno hata moja.

Vita ilipowaondoa Wajerumani, kazi yangu ikaisha. Safari yangu ya kwanza ilikuwa Bahi. Vile viboko vinne nilivihesabu kuwa vyangu, nikataka kuomba radhi. Nilikwama kwenye neno la kwanza kabisa. Ndahani na Nyemo wakainamisha macho, na ilinichukua muda mrefu kufika mwisho.

"Siku ile nimelala pale chini nilikusikia umekwama," akasema Ndahani. "Nikakungoja."