Fundo la kikwembe

Kila nikitoa kidonge changu cha kichwa, kimoja tu jinsi daktari alivyoandika, ninasikia harufu ya sabuni ya mawese. Ni harufu ya kikwembe cha mama, kitenge chake cha kujifunga. Vidonge vyake alivifunga kwenye pembe ya kikwembe hicho, fundo dogo kama punje ya haragi.

Daktari aliyemwandikia vidonge hivyo alimwambia mbele yangu: « Hii ni ya kichwa yako weye peke yako. Usimupatie mutu mwingine, zaidi sana mwenye tension. »

Siku moja ya soko, mama alienda Musienene kuuza viazi, akaacha kikwembe kitandani. Shangazi, jirani yetu, akaingia akishika kichwa kwa mikono miwili.

« Mama yako hakuacha ka dawa ya kichwa? »

Nilijua ana tension, damu yake hupanda. Hata sombe yake, majani ya muhogo, ilipikwa bila chumvi. Lakini kwetu mtoto aliyemnyima mgeni aliitwa mwimi, mchoyo, mbele ya ukoo wote. Nikafungua fundo kwa meno. Nikampa viwili, nionekane mwema zaidi.

« Aksanti, mutoto yangu. »

Alivimeza na chai. Kabla mama hajarudi, kikombe kilimponyoka, na mdomo wake ukapinda upande mmoja.

Mama aliniuliza shangazi alikula nini. Nikasema: « Chai tu. »

Hadi leo nikimpelekea chakula, shangazi ananishika kwa mkono wake mmoja uliobaki mzima na kuwaambia wageni, polepole: « Huyu hapana mwimi. Tangu utoto wake, ukimuomba, anakupa. »