Topiki za Msiba

Mdogo wangu wa kike aliandika topiki zote za Historia kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni, akasogea nyuma kuziangalia, kisha akaanza kuzikata. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini napepeta mbaazi. Nilimwacha aendelee, nione anakata zipi.

Mtihani wa Taifa wa kidato cha nne ulikuwa umekaribia. Masomo mengine alikuwa anayaweza, lakini Historia alifeli kwenye moko, ule mtihani wa majaribio, na tahasusi aliyoitaka kidato cha tano ina Historia ndani yake. Baba mdogo alikuwa ameshatamka mbele ya ukoo kwamba asipopita, hakuna cha kurudia mtihani. Atahamia kwake Getanuwas, amsaidie mkewe kukamua na kuchota maji, mpaka hapo watakapomwonea njia nyingine. Hakuna aliyeuliza njia gani. Tulijua.

"Hii naacha," mdogo wangu alisema, akapiga mstari. "Na hii. Na hii."

"Mbona zinafuatana?"

"Dada, hizo ni za msiba."

Hakuhitaji kunieleza zaidi, lakini wewe msomaji lazima nikueleze. Mama alifariki nikiwa kidato cha pili. Niliacha shule kwa sababu baba alikuwa mgonjwa na wadogo walihitaji mtu wa kuwapikia. Baadaye baba naye akafariki, mdogo wangu akiwa kidato cha tatu. Vifo viwili katika nyumba moja si jambo dogo kwa Wairaqw wa umri wa baba mdogo. Majirani wengi hapa kwetu Gehandu siku hizi huzika, husali, na kesho yake huenda shamba. Baba mdogo alisema sisi tutafuata ya wazee. Tukatengwa. Hatukuingia nyumba ya mtu, na mtu hakuingia kwetu. Ng'ombe wetu walichungwa upande wao, maji tulichota wenzetu wakishaondoka kisimani. Moto hatukuomba wala hatukuombwa. Na shule, bila shaka, hakuna. Mvua zilianza tukiwa ndani, mahindi yakatoa mbelewele tukiwa ndani. Ndipo wazee wakaja, tukanyolewa, tukanawa, tukaambiwa sasa tumekuwa watu tena.

Mdogo wangu aliporudi darasani, wenzake walikuwa wameshamaliza uchumi wa kikoloni, utawala wa kikoloni na huduma za jamii za wakati huo. Hakuna aliyemrudishia. Na yeye hakuuliza, kwa sababu kwetu kilichopita wakati wa kutengwa hakichokonolewi. Nguo za wakati ule zilichomwa. Hata wimbo tulioimba sana ndani, hatukuuimba tena. Topiki zile nazo zikaingia kwenye hesabu ya vitu vya msiba, kama vile mkoloni alipokuja Tanganyika alikuja nyumbani kwetu tu, tukiwa tumefunga mlango.

"Mwalimu anasemaje?" nilimwuliza.

"Anasema nikazie ninazozijua. Muda umekwisha, nisianze kitu kipya."

Mwalimu wake wa Historia ni kijana mpole, si mtu wa huku, na ushauri wake ulikuwa wa busara. Nakiri hivyo hata leo.

"Na wenzako?"

"Wenzangu wana meseji." Alicheka. "Kuna mtu Arusha anajua zitakazotoka. Uhuru wa Afrika, Mapinduzi ya Viwanda, na mbili nyingine. Rafiki yangu anasoma hizo nne tu. Zingine amezifungia kabatini."

"Na wewe una kabati?"

"Sina hata meza, Dada."

Niliweka ungo chini, nikachukua kitambaa, nikafuta mistari aliyochora juu ya zile topiki tatu. Kisha nikachukua chaki nikaandika moja, mbili, tatu pembeni yake.

"Tunaanzia hapa," nilisema.

"Tunaanzia? Wewe unafanya mtihani?"

"Nitakaa hapa napepeta. Utanieleza mpaka nielewe. Nisipoelewa, hujajua."

"Dada, ni Kiingereza."

"Mtahini utamjibu kwa Kiingereza. Mimi nieleze kama unanieleza habari za jirani. Nani alimnyang'anya nani shamba, na kwa ujanja gani."

Alinuna siku nzima. Aliniambia nampotezea muda, kwamba swali likitoka kwenye Uhuru na yeye akakwama, mimi ndiye nitakayejibu kwa baba mdogo. Nikamwambia kwa baba mdogo nimezoea kujibu. Kesho yake aliazima kitabu cha rafiki yake, kwa kuwa rafiki hakuwa na kazi nacho, akaanza.

Sitadanganya kwamba nilikuwa namfundisha. Mengi aliyonieleza nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Nilijifunza kwamba watu walitozwa kodi ya kichwa si kwa ajili ya fedha tu, bali wasipate pa kukimbilia isipokuwa kwenye mashamba ya walowezi. Nikamwambia sijaelewa. Akarudia. Nikamwambia bado. Akapiga ubao wa mlango kwa kiganja, akasema, "Wanakuwekea deni ambalo hukukopa, halafu wanakuonyesha kazi ya kulilipa! Umeelewa sasa?" Nikasema sasa nimeelewa, andika kwa Kiingereza. Akaandika.

Baba mdogo alikuja siku ya gulio, ametokea Katesh kwa bodaboda, fimbo kaiweka magotini kama bunduki. Tulisimama.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mlango umefanya nini mpaka mmeupaka?"

"Ni masomo," nilisema. "Yale waliyofundishwa wenzake sisi tukiwa ndani."

Uso wake ulibadilika. Hakuwa na hasira. Aliogopa, na hofu ya mtu mzima ni mbaya kuitazama. Alishusha sauti.

"Ya ndani hayatolewi nje. Futa."

Mdogo wangu alikuwa ameshashika kitambaa. Nikamshika mkono.

"Sifuti, baba mdogo."

"Unajua unaongea na nani?"

"Naongea na baba yangu mdogo. Ndiyo maana nimesimama."

"Hao wadogo zako umewalea vizuri, sikatai. Lakini hili hulijui. Kuna mambo mtu anayapita bila kugeuka. Ng'ombe akinusa mahali alipochinjiwa mwenzake, anarudi pale?"

Angetafuta mfano mwingine angenishinda. Huu aliuchukua mwenyewe zizini, na mimi nimechunga.

"Anarudi," nilisema. "Anarudi na wenzake wote, wanaparura udongo kwa kwato, wanalia mahali pale pale. Umewaona kuliko mimi. Kisha wanakwenda malishoni."

Mdogo wangu alikuwa amefumba macho, nadhani akisubiri fimbo. Baba mdogo akakohoa, na ndani ya kikohozi kile nilisikia kitu kama kicheko kilichokataliwa ruhusa.

"Una mdomo wa mama yako."

"Ahsante."

"Sikukusifu." Akakaa kwenye kigoda. "Leteni chai. Na wewe mwanafunzi, soma hiyo laana yako, nisikie kama ina mashiko."

Mdogo wangu akasoma habari za manamba waliosafirishwa kwenda mashamba ya mkonge. Baba mdogo alikunywa chai yake yote. Alipoinuka alisema baba yake mwenyewe, yaani babu yetu, aliwahi kwenda mkonge, akarudi na blanketi moja na kikohozi. Hakuwahi kutuambia. Kisha akapanda bodaboda, akageuka.

"Akifeli namchukua. Sikusema nimebadilika."

"Akifeli utanikuta hapa," nilimjibu, lakini bodaboda ilikuwa imeshawaka.

Mtihani ulikuja. Siku ya Historia nilikwenda shamba kung'oa visiki, kwa sababu kukaa nyumbani nisingeweza. Alirudi mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Swali la uchumi wa kikoloni lilitoka, alisema, na la Mapinduzi ya Viwanda pia lilitoka, na Uhuru wa Afrika nao. Kila mtu alipata cha kuandika. Sikupenda habari hiyo. Moyoni nilitaka mtu wa Arusha aaibike.

Matokeo yalipotoka tuliyaangalia kwenye simu ya jirani. Historia alipata C. Rafiki yake, yule wa topiki nne na kabati, naye alipata C.

"Unaona?" Mdogo wangu alicheka mpaka akainama. "Tungelala tu, Dada!"

Labda. Watu wameniambia hivyo tangu siku ile, kwamba nilimtesa bure na nikamtukana mkubwa wangu bure. Siwabishii kuhusu alama. Lakini mimi niliacha shule kwa sababu ya kifo kimoja, na kifo cha pili kilichukua muhula mzima wa mdogo wangu. Sikuwa tayari mlango wetu uonyeshe kwamba tumekubali. Hata angepata F, topiki zile zingekuwa zake.

Baba mdogo alikuja kusikia. Hakukaa.

"C ni nini? Ni nzuri?"

"Inatosha," nilisema. "Anakwenda kidato cha tano."

Alizungusha fimbo mkononi, akatazama upande wa mlima. "Basi ng'ombe wangu watakamuliwa na nani?"

"Na mwenye ng'ombe, baba mdogo. Karibu chai."