Chawa Walioniletea Rambirambi

Ningependa ieleweke tangu mwanzo kwamba nyumbani kwangu hakufa mtu. Nasema hivi kwa sababu bado wapo watu hapa Kapsoya ambao, wakinikuta njiani, hunishika mkono kwa mikono yao miwili, huinamisha kichwa na kuniuliza kama tumeanza kupata nguvu. Nguvu ninazo. Nilichokosa kwa muda ni nywele. Namna nilivyozikosa imesimuliwa vibaya sokoni, kanisani na hata katika ukoo wa mke wangu, ilhali mimi niliyekuwapo mwanzo hadi mwisho sijawahi kuombwa maelezo. Basi nayatoa bila kuombwa.

Nilitumikia masjala ya serikali hadi nilipostaafu. Mtu wa masjala hufundishwa kwamba jambo likitokea ni lazima liandikwe jinsi lilivyotokea, si jinsi lilivyopendeza.

Lilianza na likizo ya Agosti. Mjukuu wetu, msichana wa gredi ya nne ambaye tunaishi naye kwa kuwa mama yake anafanya kazi mbali, alikwenda Chepsaita kwa mdogo wake mke wangu. Ni nyumba njema: maziwa mengi, mahindi ya kuchoma, na watoto wanaolala wamepangana kitandani kama magunzi ndani ya gunia. Alirudi amenenepa, anajua kukamua ng'ombe, na anajikuna.

Mke wangu aliliona hilo siku ile ile. Mimi nilisema ni vumbi la shambani, litatoka kwa maji. Nikaendelea na msimamo huo mpaka asubuhi moja, nilipokuwa nikisoma gazeti mezani na mtoto ameegemea bega langu akitafuta picha. Mdudu mdogo wa rangi ya chai alitokea pembeni ya ukurasa wa matangazo ya vifo. Alipita juu ya uso wa marehemu mmoja, kisha wa pili, kwa mwendo wa karani aliyefika kazini mapema na hana haraka.

"Kuka," mtoto akasema, kwani hivyo ndivyo watu wa kwetu magharibi wanavyomwita babu, "huyo ni wako ama ni wangu?"

Nilikuwa nimeshaanza kujikuna.

Sasa ni lazima nieleze kilichokuwa hatarini, maana bila hilo mtu atadhani tulipigania nywele kwa ukaidi tu. Binti yetu wa mwisho alikuwa anaolewa Septemba hiyo hiyo. Alikuwa amemwahidi mjukuu wetu kwamba atabeba maua mbele yake, na kwamba watasukwa pamoja, na msusi mmoja, mtindo mmoja, hata shanga zifanane. Kwa ajili ya ahadi hiyo mtoto alikuwa amefuga nywele zake mwaka mzima. Kila Jumamosi alivutwa, akachanwa, akalia, akafuta machozi na kuuliza kama sasa zinafika mabegani. Hakuwa mtoto wa kuomba vitu vingi. Aliomba hicho.

Mimi nilikuwa na wajibu wa nyumba nzima. Nikatangaza baada ya kifungua kinywa kwamba vichwa vyote vitanyolewa, bila upendeleo, kuanzia changu.

"Nywele za mtoto zinaweza kufumuliwa," mke wangu akasema. "Zipakwe mafuta, zichanwe na kitana chenye meno membamba. Ni kazi ya mikono tu."

"Kazi ya mikono haina mwisho unaojulikana. Wembe una mwisho."

"Na harusi?"

"Mbeba maua hubeba maua mikononi, Mama. Habebi kichwani."

Mjukuu alipima kichwa changu kwa macho kutoka sikio hadi sikio. "Kuka, si wewe hata hauna nywele? Hizo zako kidogo zikinyolewa nani atajua? Mimi yangu kila mtu atajua!"

Alisema hivyo, akaenda akajifungia ndani ya stoo, pamoja na viazi na debe la mafuta ya taa. Nilimwacha. Niliamini kwamba kiongozi akitangulia kutii amri yake mwenyewe, walio chini yake hufuata.

Kwa kinyozi sikutaka kwenda. Kinyozi wetu hapa mtaani ana mikono miepesi na mdomo mwepesi zaidi, na sikutaka habari ya chawa wangu ifike mjini kabla yangu. Kwa hiyo tulinyoana nyumbani, uani, juu ya kigoda, kwa wembe na povu la sabuni. Mke wangu alinyoa kichwa changu, nami nikanyoa chake. Alikubali upesi, na naomba isiandikwe kwamba alikubali kwa sababu ya amri. Alikubali kwa sababu alikuwa anawashwa.

Baada ya hapo tulifanya kazi kwa utaratibu. Magodoro yote yalitolewa nje. Mablanketi, mashuka na mapazia yakarundikwa nyasini. Viti vya sebule tukavipanga uani, mgongo kwa ukuta, vipigwe na jua. Na kwa kuwa hita ya bafuni isingeweza kuchemsha maji ya kuloweka mzigo ule, tuliwasha moto wa kuni kwenye mafiga matatu, tukaweka juu yake sufuria kubwa, ile ambayo hutumika kwa shughuli za watu wengi tu.

Mtu wa kwetu akifika hapa ameshaanza kucheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuona. Kwetu, watu wakishazika, jamaa wa marehemu hunyolewa kwa wembe uani. Matandiko hutolewa yakafuliwa. Viti hupangwa nje kwa ajili ya wageni, na moto mkubwa huwashwa. Kapsoya ina watu wa kila upande, lakini wote wamekula vya kutosha katika matanga yetu kuzijua dalili.

Wa kwanza kutuona alikuwa mama mwenye duka lililo mkabala na geti letu. Asili yake ni upande wa Mlima Kenya, ni mchapakazi, na duka lake sijawahi kuliona limefungwa mchana, hata mvua ya mawe ikinyesha. Alikuja getini na bakuli la mayai tuliyokuwa tumeagiza. Nilikuwa nimesimama karibu na moto, kipara kiking'aa, wembe mkononi. Nilichohofia ni kwamba akiingia atajua habari ya chawa, basi nikainua kiganja kumzuia, nikatikisa kichwa polepole.

Akaweka mkono mdomoni. Akatazama kichwa cha mke wangu, akatazama magodoro. Akaliweka bakuli chini taratibu, kama anaweka mtoto aliyelala, akaondoka kinyumenyume. Muda si mrefu nikasikia mlango wa duka ukifungwa.

Kilichofuata kilinifurahisha, nakiri. Redio ya jirani wa kushoto ilizimwa. Kijana wa bodaboda alipofika karibu na geti alizima injini, akaisukuma pikipiki yake mpaka akapita ukuta wetu. Mpangaji wa nyumba ya nyuma, ambaye hajawahi kunisalimu bila kutafuna kitu, alivua kofia.

"Unaona?" nikamwambia mke wangu. "Watu hawa wamejifunza adabu hatimaye."

"Wamejifunza kutoka kwa nani?" akauliza, akikoroga mashuka kwa mti.

Jibu liliingia kwa geti. Walikuja akina mama wa chama cha mtaa na wa kanisani kwetu, wamefunga leso viunoni na vichwani, wakiongozwa na mama wa duka. Walibeba sukari, majani ya chai, mikate, maziwa na mzigo wa kuni. Nyuma yao alikuja mke wa mchungaji, ameshika vitabu vya nyimbo kifuani. Walikuwa wanaimba, chini chini, wimbo ule wa kumsindikiza mtu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakuna aliyetuuliza ni nani aliyekufa. Hilo ndilo jambo ambalo wageni wa desturi zetu hawalielewi. Huingii matanga ukaanza kuhoji. Unaingia, unashika mikono, unaketi; jina la marehemu utalipata kwa kuwa wengine wanalijua. Kila mmoja pale alidhani mwenzake analijua.

"Pole, Mzee," mama wa duka akaniambia, akinikumbatia kwa nguvu. "Pole sana. Ni mapenzi ya Mungu."

Nilidhani mke wangu amevujisha siri ya chawa, na nikashangaa mambo ya chawa kuitwa mapenzi ya Mungu. Hata hivyo nilishukuru. Wakamkumbatia mke wangu, mmoja baada ya mwingine, shavu kwa shavu, kipara kwa leso. Mke wangu alikuwa ameshang'amua. Nililiona hilo kwenye macho yake. Alifungua mdomo kusema, lakini mke wa mchungaji alikuwa ameinua mikono.

"Tuombe."

Mtu hakatizi maombi. Niliinamisha kichwa.

"Baba, ulituazima mpendwa wetu huyu kwa muda mfupi, na leo umeamua kumwita. Ifariji familia hii. Mfariji mzee huyu ambaye nywele zake zimeondoka kwa majonzi..."

Ndipo nilipoelewa. Jasho lilinitoka mpaka kisogoni, na sasa halikuwa na kitu cha kulizuia.

Wakati huo huo dirisha dogo la stoo lilifunguliwa. Mjukuu wetu alikuwa amesikia kuimba, na baadaye maombi yenye neno nywele ndani yake, akadhani ametumiwa kanisa zima ili alainike.

"Hata mkiomba!" akapiga kelele. "Mimi sinyolewi!"

"Mwacheni mtoto," mama mmoja akasema, akilia kweli. "Mtoto akiwa na huzuni msimlazimishe."

"Sina huzuni!" sauti ikatoka stoo. "Niko na chawa!"

Niliwahi kuhudhuria mikutano ambamo waziri aliulizwa swali lisilofaa. Kimya kile hakikufikia hiki. Kisha nikaona jambo ambalo nikiwa karibu kufa nitalikumbuka: akina mama wote, pamoja na mke wa mchungaji aliyekuwa bado hajasema amina, waliinua mkono mmoja, polepole, wakagusa leso zao za kichwani.

"Amina," mke wa mchungaji akasema.

"Mzee!" mama wa duka akalipuka. "Nimefunga duka nikuje kulilia chawa?"

"Hakuna aliyekuita, Mama," nikasema kwa heshima.

"Na kile kichwa ulinitikisia kwa geti kilikuwa cha nini? Mimi nimeenda mtaa mzima nikilia! Hata nimelilia wewe, nikasema Mzee amezeeka kwa siku moja!"

Alicheka mpaka akashikilia kiti, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa amelia zaidi, wengine waliona wana ruhusa. Mmoja aliketi juu ya godoro, akakumbuka, akaruka. Walipotosheka, ikabaki sukari. Vyakula vya matanga havirudishwi nyumbani. Hakuna mama pale ambaye angethubutu kupita barabarani na mkate aliokuja nao.

Mke wangu hakuipoteza nafasi hiyo. "Basi tupike chai," akasema. "Viti viko nje. Maji yako moto. Na mikono, mikono ndiyo hii nilikuwa nakosa." Akagonga mlango wa stoo. "Toka, hakuna wembe."

"Amri ilikuwa vichwa vyote," nikakumbusha.

"Amri imetiiwa na vichwa viwili, Baba. Vya wazee. Huyu muache kwetu."

Sikuwa tayari kushindwa hivyo, mbele ya chama cha mtaa. Nikatoa sharti: wafumue, wapake, wachane, lakini mwisho nitamkagua mwenyewe, na nikimkuta chawa hata mmoja, wembe utafanya kazi. Mtoto alisimama mlangoni, na vumbi la viazi magotini. Alinikazia macho.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akaja akaketi chini, kati ya magoti ya mama wa duka, akafumba macho.

Walifanya kazi mchana wote. Walifumua msuko mmoja mmoja, wakagawa nywele kwa mafungu, wakapaka mafuta ya nazi yaliyoletwa kutoka dukani, wakapitisha kitana na kukifuta kwenye kitambaa cheupe. Walipochoka walibadilishana, na aliyepumzika alikaguliwa na mwenzake, ikiwa tahadhari. Mtoto hakulia hata mara moja. Mimi nilizunguka na chai.

Jua lilipoanza kushuka walimketisha mtoto kwenye kigoda, wakaniita. Nilivaa miwani yangu ya kusomea, nikachukua kioo cha kukuzia ambacho nilikitumia masjala kwa mihuri iliyofifia. Nikakagua fungu kwa fungu, utosini, kisogoni, juu ya paji la uso. Safi. Nyuma ya sikio la kushoto, karibu kabisa na ngozi, nilimwona. Alikuwa peke yake, amepakwa mafuta, na hakuwa na mwendo ule wa gazetini.

Mtoto alikuwa ameshika ukingo wa kigoda kwa mikono yote miwili.

"Kuka? Uko?"

Nilimchukua yule chawa kwa kucha mbili, nikambana. Nikaangalia tena kwa kioo. Ndipo nikatoa taarifa yangu: "Hakuna." Na naomba izingatiwe kwamba wakati nilipotamka neno hilo, taarifa ilikuwa sahihi.

Harusini alitembea mbele ya anti yake, shanga zao zikifanana, maua yameinuliwa juu kama alivyofundishwa. Upande wa kina bwana harusi, ambao walituona mimi na mke wangu kwa mara ya kwanza tangu siku ya mahari, walitupa pole kwa sauti ya chini, nasi tulipokea. Mtoto alipofika karibu na madhabahu aliachia maua kwa mkono mmoja, akauinua nyuma ya sikio la kushoto, akajikuna kidogo, akaurudisha.

Mke wangu alikuwa anatazama mbele. Nami nikatazama mbele.