Gazeti Lilisema Nilianza Peke Yangu

Nimekosa, na sitafuti mtu wa kumsingizia.

Mimi ni mtu niliyejitengeneza. Nilitoka Subukia, nilikokuwa nikikamua ng'ombe wa mzungu, darasa la pili sikumaliza, na leo hoteli yangu ya chai hapa Bondeni inajulikana mpaka Mau Narok. Hilo hakuna wa kubisha. Lakini hoteli hii sikuianza mimi.

Aliyeianza nitamwita mzee Gathogo. Alinipokea, akanifundisha kukanda mandazi, akanifanya mwenzake.

Siku moja akaja mwandishi wa gazeti letu la hapa mjini. Alikuwa akitafuta habari za zamani za Nakuru, za Waafrika waliotangulia kufungua biashara. Mzee alikuwa ameenda kutafuta kuni. Kichwa kikanivimba! Nikasema nilianza peke yangu, kwa sufuria moja na mawe matatu. Sufuria ilikuwa ya mzee. Hata mawe aliyabeba yeye.

Picha yangu ikatoka. Mzee alicheka tu, akasema nimependeza kuliko mandazi.

Kisha mambo ya Emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, yakakaza. Askari wakaizunguka Bondeni, na Mkikuyu asiye na kazi ya kueleweka akawa anapakiwa lori kurudishwa risavu, kwenye ardhi waliyotengewa Wakikuyu. Mzee akamwambia afisa kwamba ana hoteli. Afisa alikuwa amesoma lile gazeti. Akanigeukia.

"Wewe ndiye yule wa gazeti. Huyu ni nani?"

Niliogopa. Nikisema nilidanganya, na mimi, Mkikuyu kama yeye, napanda lori.

"Huyu alikuwa akinichotea maji, bwana."

Mzee hakubishana. Aliniambia tu, "Unga umeshaumuka, usiuache ukaharibika," akapanda.

Ole wangu! Siku ile niliuza mandazi yake yote.

Sasa wameanza kuwaruhusu watu kurudi, na mzee amerudi. Kila asubuhi anakuja, anakaa karibu na mlango, anaagiza chai. Haniulizi kitu. Afadhali angenitukana!

Juzi karani mmoja wa reli akamwonyesha ile picha niliyoibandika ukutani. "Mzee, unamwona huyu bwana? Ndiye alianza hoteli hii."

"Nimesikia hivyo," mzee akasema.

Wateja wakataka nisimulie. Nikasimulia, ndugu zangu! Nikaanza na sufuria, nikaja kwa mawe, na yeye ameshika kikombe, anaitikia kwa kichwa.

Nitatokea wapi? Nikikanusha, mimi ni mwongo mbele ya serikali, na mbele ya wanangu, ambao mwalimu wao aliwasomea habari ile darasani. Nikinyamaza, nalala na neno lile la maji kooni. Nimejifungia ndani, na mlango uko wazi.

Ndugu yangu, mtu wa gazeti akikujia, mtaje mwenzako kabla hujajitaja. Usingoje hata kidogo. Ukingoja utakuwa kama mimi, ambaye kila asubuhi namfutia meza mwenye hoteli na kumwambia, "Karibu, mgeni."